Kwa nini mionzi kwanza, kisu baadaye?



Katika mkutano wa vikundi hapa Jilore, mama mmoja alisimama akauliza swali lililotunyamazisha wote. "Kama daktari ameshaona kidonda kiko wapi, na kisu anacho, mbona anamtuma mgonjwa akachomwe na mashine kwanza? Si ndiyo kumchelewesha?" Alikuwa akisema habari za shemeji yake, aliyeambiwa ana kansa ya utumbo wa mwisho. Nyumbani kwao wazee walikuwa wamekwisha kuamua kwamba hospitali inawazungusha tu mpaka pesa ziishe.

Tulimwahidi tutauliza, kisha tutaandika. Tumeuliza. Na sisi wenyewe, kama kikundi, tunayo habari yetu ndani ya jambo hili. Si ya kujivunia, lakini tutaisema mbele kidogo.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana unapofika mwisho huwa kama kifuko cha sentimita 15 hivi, kilicholala ndani ya nyonga karibu na mfupa wa mkia. Hapo ndipo choo hungoja kabla mtu hajaenda haja kubwa. Wataalamu hukiita rektamu. Kansa ikianza hapo, mtu huona damu kwenye choo, au choo kinatoka chembamba kuliko kawaida yake. Mara anafunga choo, mara anahara. Anatoka msalani na bado anahisi kuna kitu kimebaki, anarudi, hakuna kitu. Baadaye anakonda, anaishiwa na damu, akipanda kilima kidogo anahema.

Shida ni kwamba alama hizi zinafanana na bawasiri na amiba, na dawa za bawasiri zinauzwa katika kila soko letu. Mwenzetu tutakayemtaja alikunywa mizizi na vidonge miezi kumi na minne kabla ya mtu yeyote kumpima. Kliniki moja alikokwenda ilimpa dawa ya amiba mara tatu, na hakuna aliyemwambia alale ubavu achunguzwe.

Tuseme na hili, maana liko kwetu na tunalijua: mtu akikonda polepole bila sababu inayoonekana, ulimi wa watu hauchelewi kusema amerogwa. Katika Kilifi hii wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Kumbe pengine yule mgonjwa ana uvimbe wa ukubwa wa embe dogo ndani ya nyonga, na babu wa watu hana hatia yoyote.

Kuna sababu nyingine ya ugonjwa huu kukawia kushukiwa. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda katika hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1971 kwamba kansa ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, na akasema sababu ni chakula chenye makapi mengi. Wengi walifunzwa hivyo. Siku hizi kansa hii imo miongoni mwa zile zinazoonekana sana Kenya, na wagonjwa wengine ni vijana wa miaka thelathini na kitu. Kwa hiyo "huyu ni mdogo sana, haiwezi kuwa hiyo" si jibu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata umeme. Ni kidole cha daktari au ofisa wa kliniki, kilichovaa glavu na kutiwa mafuta. Uvimbe mwingi wa sehemu ya chini hufikiwa hivyo. Tunajua wanaume wetu wanavyolionea haya jambo hili. Mzee mmoja alituambia afadhali afe. Tulimjibu kwamba ni nusu dakika. Baada ya kidole huja kamera ya kupitisha kwa njia ya nyuma, na kipande kidogo cha nyama hukatwa kikapimwe maabara. Bila kipande hicho hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni kansa. Halafu huja picha, ya CT na ikiwezekana ya MRI, kuonyesha uvimbe umesambaa kiasi gani.

Picha hizo ndizo zinazoamua kama mionzi inahitajika. Si kila mtu huihitaji. Uvimbe mdogo ambao haujapenya ukuta wa utumbo huenda ukakatwa moja kwa moja. Kansa ya utumbo mpana juu ya nyonga kwa kawaida haichomwi. Na utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa rektamu wanaweza kupewa kemo tu kabla ya kisu, wakaachiwa mionzi. Kwa hiyo msishangae jirani akitibiwa tofauti na ndugu yenu.

Nyonga ni chumba chembamba

Sasa turudi kwenye swali la mama yetu. Fikirini daktari anayekata uvimbe tumboni juu. Ana nafasi, anaweza kukata mbali na uvimbe pande zote. Lakini ndani ya nyonga ni kama kung'oa kisiki kilichoota kati ya nyumba mbili. Mbele, kwa mwanamume kuna kibofu na tezi ya kiume, na kwa mwanamke kuna uke na mji wa mimba. Pembeni kuna mifupa, na mishipa ya fahamu inayoongoza mkojo na mambo ya ndoa. Chini kuna misuli inayofunga haja. Mpasuaji hana pa kupanua. Akiacha chembe za kansa ukutani, zitaota tena palepale, na kansa inayorudi ndani ya nyonga ni katika maumivu makali kuliko yote. Mgonjwa hawezi kukaa wala kulala.

Zamani ilirudi kwa watu wengi mno. Huko Sweden, kati ya 1987 na 1990, waligawa wagonjwa zaidi ya 1,100 katika mafungu mawili. Wa kwanza walikatwa tu. Wa pili walichomwa kwanza siku tano, kisha wakakatwa. Baada ya miaka mitano kansa ilikuwa imerudi nyongani kwa watu 27 katika kila 100 wa fungu la kwanza, na kwa 11 katika kila 100 wa fungu la pili.

Mtu atasema pengine wapasuaji wale hawakuwa hodari. Ni swali zuri, na waliuliza wenyewe. Daktari Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alikuwa ameonyesha tangu 1982 kwamba ukiondoa rektamu pamoja na ala yake yote ya mafuta, bila kuipasua, kansa hurudi kwa wachache zaidi. Basi Waholanzi wakawafundisha wapasuaji wao mtindo huo, kisha wakajaribu tena na wagonjwa zaidi ya 1,800. Matokeo yalitoka 2001. Kwa kisu kizuri peke yake, baada ya miaka miwili kansa ilirudi nyongani kwa watu 8 katika 100. Kwa mionzi na kisu kizuri, watu 2 katika 100.

Je, si mtu angekatwa kwanza, akachomwa baadaye? Wajerumani walilijaribu hilo na kutoa majibu mwaka 2004. Waliochomwa kabla, ilirudi kwa 6 katika 100. Waliochomwa baada, 13 katika 100. Tena waliochomwa baada ndio waliosumbuliwa zaidi na kuhara na madhara mengine.

Sababu zake tulielezwa hivi. Mionzi hufanya kazi vizuri pale damu inapofika, kwa kuwa damu huleta oksijeni, na oksijeni husaidia mionzi kuua chembe. Kabla ya kisu mishipa bado ni mizima. Baada ya kisu pamebaki kovu, na kovu halina damu nyingi. Jambo la pili, rektamu ikishaondolewa, utumbo mwembamba hushuka kujaza ule uwazi, na hapo ukichoma nyonga unachoma na utumbo usio na kosa. Jambo la tatu, mpasuaji akishaunga utumbo mpya, si vizuri kuuchoma ule mshono.

Wenzetu wafuga nyuki wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walipata mfano wao. Hakuna anayetia kisu mzingani kabla ya kufukiza moshi, la sivyo nyuki watamwagika kila upande. Mfano si kamili, maana moshi huwatuliza nyuki tu na mionzi huua. Lakini kwa habari ya kutangulia na kufuata, umetosha.

Tusidanganyane, mionzi ya nyonga haizuii kansa kwenda kwenye ini au mapafu. Hiyo ni kazi ya kemo. Kazi ya mionzi ni pale pale nyongani, na wakati mwingine kupunguza uvimbe ili mpasuaji aweze kuiokoa misuli ya haja.

Siku tano au wiki tano

Kuna njia mbili, na kwa mtu wa Jilore tofauti yake si mchezo. Ya kwanza ni fupi: dozi kubwa kidogo, mara moja kwa siku, siku tano, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa. Ya pili ni ndefu: dozi ndogo ndogo mara 25 hadi 28, siku tano za kila wiki, kwa zaidi ya wiki tano, pamoja na vidonge vya kemo vinavyoitwa kapesitabini. Kila mara mtu hulala mezani dakika chache tu. Haumii, hasikii moto. Neno "kuchomwa" ndilo linalotutisha bure.

Ipi itumike huamuliwa na picha, si na nauli. Njia ndefu huchaguliwa mara nyingi pale uvimbe ulipong'ang'ania na lazima unywee. Siku hizi wengine hupewa siku tano, kisha miezi ya kemo, ndipo kisu. Lakini hakuna ubaya kumwambia daktari: "Sisi tunatoka mbali, je, njia fupi inafaa kwa uvimbe huu?" Ikifaa, familia imeokoa mwezi mzima wa kulala kwa watu.

Kwa miaka mingi mtu wa Pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya serikali hakuwa na njia ila Kenyatta, Nairobi, na foleni yake ilikuwa ndefu. Sasa mashine iko Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani. Kutoka Malindi ni kilomita kama 120. Hata hivyo hakuna anayeweza kwenda na kurudi kila siku kwa wiki tano. Ni lazima apatikane ndugu Kisauni, Bombolulu au Mtwapa wa kumpokea. Pigeni simu kabla ya kusafiri, maana mashine ni mashine, hufanyiwa matengenezo.

Mti uliozungushiwa panga

Sasa tunafika pale tulipokosea.

Mwenzetu ni mkulima wa kando ya Sabaki. Ametukubalia tuandike, bila jina. Kikundi kilifanya harambee, tukampeleka Mombasa, akamaliza siku zake tano. Akaambiwa arudi baada ya wiki nane kwa picha na kupanga upasuaji.

Wiki ya nne damu ilikoma. Wiki ya sita akawa anakula sima mabamba mawili na kuomba la tatu. Akashika jembe. Tukafurahi, tukasema amepona. Mvua ilikuwa imeanza na watu walitaka mbegu, na katika sanduku kulikuwa na zile pesa tulizotenga kwa safari ya pili. Tulipiga kura. Wote tuliinua mikono, hata yeye mwenyewe aliinua. Pesa zikanunua mahindi.

Hatukuwa tumeelewa jinsi mionzi inavyofanya kazi. Haiui chembe ya kansa papo hapo. Inakata ule uzi wa ndani unaobeba maagizo ya chembe, na chembe huishi mpaka itakapojaribu kugawanyika, ndipo inakufa. Ndiyo sababu uvimbe huendelea kunywea wiki nyingi baada ya mashine kuzimwa, na ndiyo sababu daktari husubiri. Kila mkulima hapa amepata kuua mti kwa kuuzungushia panga gomeni. Majani hayanyauki siku ile. Lakini ukiacha ukanda mmoja wa gome bila kukata, msimu ujao unakuta chipukizi.

Alirudi hospitali mwezi wa saba, damu ikiwa imeanza tena. Picha ilionyesha uvimbe umeshuka mpaka kwenye misuli ya haja. Hakuna awezaye kuapa kwamba angewahi ingekuwa vingine. Lakini mpasuaji alituonyesha picha mbili, ya kwanza na ya pili, na ile nafasi iliyokuwako chini ya uvimbe hapo kwanza haikuwako tena. Aliukata wote. Ilibidi aondoe na njia yenyewe ya haja, kwa hiyo mwenzetu atapitishia choo kwenye mfuko ubavuni maisha yake yote. Yuko hai, analima. Ila mifuko ile ni ya kununua kila mwezi, na kikundi kinamchangia. Mahindi yale yalishaliwa zamani.

Yako maneno ya kweli ambayo watu huyasikia nusu. Ni kweli kwamba kwa wagonjwa wengine uvimbe hutoweka kabisa baada ya mionzi na kemo, na daktari huweza kukubali kutokata. Daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazil, ndiye aliyeanza mtindo huo, na taarifa yake ya mwaka 2004 iliwafanya wengi wamsikilize. Lakini watu hao hupimwa kwa kidole, kamera na picha kila baada ya miezi michache, kwa miaka, ili ikirudi ikamatwe ingali ndogo. Kukaa nyumbani kwa sababu damu imekoma si mtindo huo.

Mambo ya nyumbani

Mgonjwa anayechomwa kwa mashine ya nje hatoki na mionzi mwilini. Anaweza kupakata mjukuu, kula chungu kimoja na wenzake, kulala kitanda kimoja na mkewe. Nywele za kichwa hazidondoki kwa mionzi ya nyonga. Atakachoona ni uchovu, kuhara, mkojo kuchoma, na ngozi ya makalio kuwasha au kubanduka. Anywe maji kwa wingi, na akihara sana apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti huku akipelekwa hospitali. Ngozi ioshwe kwa maji tu. Tafadhali msimpake mafuta ya nazi wala majani yoyote pale, mpaka muulize wahudumu wa mionzi. Anayetumia dawa za ukimwi aendelee nazo na awaambie madaktari.

Kuna lisilosemwa kwa sauti. Mionzi ya nyonga inaweza kumaliza uzazi. Kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, huenda zikakoma. Kwa mwanamume, nguvu zaweza kupungua, na kisu chenyewe kinaweza kuongeza. Watu wa ndoa waambiwe wote wawili mapema, wakiwa wameketi pamoja. Na mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kupanda meza ile.

Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na hilo ndilo linalowashinda wengi wetu. Kikundi kimoja jirani kinawakopesha wanachama mchango huo baada ya mavuno ya korosho, nao hurudisha kidogo kidogo. Kujiandikisha ni kwa *147# au kwa wahudumu wa afya wa kijiji. Fungu la saratani lina kikomo kwa familia kwa mwaka, kwa hiyo ulizeni kiwango cha sasa katika dawati la SHA la hospitali kabla ya kuanza, na mpange pamoja nao mionzi, kemo na kisu vitakavyogawana fungu hilo. Nauli, chakula na mahali pa kulala haviko humo. Hivyo ni vya harambee.

Shemeji wa yule mama ameanza njia ndefu. Analala kwa binamu yake Bombolulu na hurudi nyumbani baadhi ya Jumamosi. Kikundi chao kimekusanya pesa za safari zote mbili, ya mionzi na ya upasuaji, na zile za pili wamempa mweka hazina wa kikundi kingine azitunze, ili wasije wakazipigia kura mvua ikinyesha.